Kabureta na Injekta katika Pikapu ya Zamani

Katika nyumba nyingi tutokazo, pikapu ni shamba la pili. Ndiyo ipelekayo viazi na maziwa sokoni, ndiyo imchukuayo mgonjwa usiku, na mara nyingi ndiyo ilipayo karo zetu. Nyingi katika pikapu hizo ni za miaka ya 1980, na petroli yake hupitia katika kabureta. Siku hizi mwenye gari la namna hiyo akilalamika kwamba lanywa petroli sana, huambiwa, "Ondoa kabureta, tia injekta." Kazi hiyo ni ya fedha nyingi. Basi yafaa tujue ni kitu gani hasa kinunuliwacho.

Mimi nasema kinunuliwacho ni kipimo. Mwenye kubadili aacha kipimo kimoja cha petroli na kushika kingine. Ikiwa kipimo kipya hakipimi vema kuliko cha kwanza, fedha yake imepotea, hata kama vyombo vyang'aa.

Nitachukua mfano wa Toyota Hilux yenye injini ya 22R. Toyota wenyewe walitengeneza ndugu yake, 22R-E, ambayo ina injekta. Injini hizi mbili zina silinda nne, na ukubwa wake ni ule ule, sentimita za ujazo 2,366. Tofauti yake kubwa ni namna ya kupimiwa petroli.

INJINI YATAKA NINI?

Petroli haiungui vema ila kwa kadiri yake ya hewa. Gramu 1 ya petroli yataka kama gramu 14.7 za hewa. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu na kushikwa na joto. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi, plagi huingia masizi, na fedha hutokea kwenye bomba la moshi.

Tufanye hesabu. Gawanya 2,366 kwa 4, utaona kwamba silinda moja huchukua kama lita 0.59 za hewa. Karibu na usawa wa bahari, lita moja ya hewa ina uzito wa kama gramu 1.2. Basi silinda ikijaa kabisa hupata gramu 0.71 za hewa. Gawanya kwa 14.7, jibu ni gramu 0.048, yaani miligramu 48 za petroli. Uzito huo ni kama wa tone moja la maji. Tena, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hudai sehemu yake mara 25 kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo kazi ya kipimo tunachokisema.

KABURETA HUPIMA VIPI?

Kabureta ya kawaida haina kompyuta, lakini imetungwa kwa ustadi. Hewa iingiayo hupita katika koo jembamba. Palipo pembamba hewa hukaza mwendo, na presha yake hushuka. Jambo hili alilieleza Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738, nasi twalisoma katika fizikia. Petroli yangoja pembeni katika kibakuli chenye boya. Kwa kuwa presha ya kooni ni ndogo, petroli husukumwa kupitia tundu dogo la shaba liitwalo jeti, ikanyunyizika hewani.

Uzuri wa kabureta ni kwamba fundi aweza kuifungua njiani kwa bisibisi, akaipuliza, akaendelea na safari. Kasoro yake ni hii: haijui uzito wa hewa. Hujua tu jinsi hewa inavyovuta.

KASORO HIYO MLIMANI

Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale iko kama mita 2,000. Huko Kabale lita moja ya hewa ina uzito wa kama gramu 1.0 tu. Silinda yetu hupata gramu 0.59 za hewa, nayo yahitaji miligramu 40 za petroli, wala si 48.

Je, kabureta iliyowekwa sawa pwani itatoa 40? Haitatoa. Uzito wa hewa ukipungua, petroli yake hupungua pia, lakini hufuata kipeuo cha pili cha upungufu huo. Gawanya 1.0 kwa 1.2, tafuta kipeuo cha pili, utapata kama 0.91. Zidisha kwa 48, jibu ni kama 44. Basi kila sehemu ina ziada ya miligramu 4, ambayo ni moja katika kumi. Fundi aweza kutia jeti ndogo zaidi, lakini jeti ifaayo Kabale itakuwa haba mno gari likishuka chini.

Mjomba wangu ana pikapu hiyo, naye huchukua viazi kutoka Kabale mpaka Kampala. Ilipoanza kutoa moshi mweusi aliambiwa kwamba kabureta imekufa, anunue injekta. Wakati wa likizo tuliifungua kabureta, tukaiosha, tukabadili sindano ya boya iliyokuwa imelika, tukatia chujio jipya la hewa. Moshi ukapungua sana, ila ukabaki kidogo alipokuwa akipanda milima kurudi nyumbani. Basi sehemu kubwa ya moshi ule ilikuwa ni uchafu na uchakavu, na sehemu ndogo ndiyo hesabu niliyoieleza. Uchafu huondolewa kwa brashi. Hesabu yataka kipimo kingine.

INJEKTA HUPIMA VIPI?

Injekta ni bomba dogo lenye vali iendeshwayo kwa umeme. Vali hufunguka kwa muda mfupi sana, sehemu chache za elfu za sekunde, petroli ikanyunyizwa, kisha hufungwa. Presha ya petroli imewekwa sawa na kidhibiti, kwa hiyo muda wa kufunguka ndio kipimo. Anayeamua muda huo ni kompyuta ndogo, nayo huamua kwa habari iletewayo na sensa. Hapa ndipo mnunuzi afumbue macho, maana sensa si za namna moja.

Namna ya kwanza ni kibao kinachosukumwa na hewa iingiayo. Ndicho kilichomo katika 22R-E. Lakini msomaji mwenye busara atauliza, "Je, kibao hicho nacho hakidanganywi na mlima?" Naam, hudanganywa, na kwa kipeuo cha pili kile kile. Kikiachwa peke yake, mwenye gari atakuwa amenunua kosa la kabureta kwa bei kubwa zaidi.

Namna ya pili ni sensa ipimayo presha ya hewa ndani ya manifoldi, pamoja na sensa ya joto la hewa. Sisi tuliosoma sheria za gesi twajua kwamba ukiwa na ujazo, presha na joto, waweza kupata uzito. Kipimo hiki hakisumbuliwi sana na mlima.

Namna ya tatu haipimi hewa iingiayo. Ni sensa ya oksijeni, nayo hukaa katika bomba la moshi. Hutazama kilichobaki baada ya moto, ikaiambia kompyuta kama petroli ilizidi au ilipungua, na kompyuta husahihisha. Zamani sensa hii isingaliweza kudumu kwetu, kwa kuwa risasi iliyotiwa katika petroli huiharibu. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Si kila injini ya zamani yenye injekta ina sensa hii. Kwa hiyo mtu wa milimani aulize kwanza habari yake kabla ya kuuliza bei.

NAMNA YA KUBADILI

Ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchukua vyombo vyote vya 22R-E, yaani manifoldi, kilango cha hewa, injekta nne, kidhibiti cha presha, kipimo cha hewa, kompyuta, waya zake, sensa na distributa. Angalia mwaka wa injini, kwa maana Toyota walibadili sehemu kadha za injini hizi katika miaka ya 1980, na manifoldi ya mwaka mmoja huenda isikae juu ya injini ya mwaka mwingine. Usilipe mpaka umeviweka vyombo sambamba na kulinganisha matundu. Njia ya pili ni kununua chombo kimoja chenye injekta, kikaacho pale pale palipokuwa kabureta. Njia hii ni nyepesi zaidi, ila petroli bado husafiri ndani ya manifoldi kama zamani, wala silinda hazigawiwi sawasawa kama kila moja ingalikuwa na injekta yake.

Kwa njia yo yote, fuata utaratibu huu:

1. Pima afya ya injini. Angalia kompresheni, nafasi za vali, na kama hewa yavuja. Injekta haiponyi pistoni iliyolika.

2. Osha tangi. Kutu kidogo kabureta huivumilia, bali injekta huzibwa nayo. Tia chujio lifaalo presha kubwa.

3. Ondoa pampu ya zamani, iendeshwayo na kemshafti, na kuziba mahali pake kwa bamba na gasketi. Presha yake haifiki pauni 6 kwa inchi mraba. Injekta za 22R-E zataka zaidi ya pauni 30, na presha hiyo huletwa na pampu ya umeme.

4. Badili mipira yote ya petroli, utie ile iliyotengenezwa kwa presha hiyo, pamoja na klempu zake. Weka pia bomba la kurudisha petroli ya ziada katika tangi, isipokuwa kama chombo chako kimeundwa kufanya kazi bila bomba hilo.

5. Umeme uwe safi. Pampu iwe na rilei na fyuzi yake, na waya za kutua kwenye bodi zifungwe penye chuma kilichosuguliwa.

6. Hakikisha sensa ya joto la maji yasema kweli. Ikisema injini ni baridi hali ina moto, kompyuta itazidisha petroli siku nzima.

7. Kabla ya kuwasha, endesha pampu peke yake kwa muda mfupi na kutazama kila kiungo. Hata unyevu mdogo usiupuuze.

JAMBO LA HATARI

Mpira wa kabureta ukipasuka petroli hudondoka. Mpira wa injekta ukipasuka petroli huruka kama dawa ya kunyunyizia, nayo ikipata cheche au bomba la moshi lenye moto, gari laweza kuteketea pamoja na waliomo. Kwa hiyo pampu lazima ikome injini inapokoma, hata kama ufunguo bado umewashwa. Katika 22R-E kile kibao cha hewa ndicho kiamuacho: hewa isipopita, pampu hukatwa. Mtu asiunganishe pampu moja kwa moja na betri ili afike nyumbani. Tena usifungue kiungo cho chote kabla ya kupunguza presha, wala usivute sigara karibu.

JE, UBADILI AU USIBADILI?

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Gari likaalo mahali pa usawa mmoja na kwenda safari fupi, kabureta safi yalitosha. Gari lipandalo na kushuka milima kila juma, kama liko karibu na fundi ajuaye kusoma makosa ya kompyuta, laweza kufaidika. Naye abadiliye aipake grisi kabureta yake, aifunge vizuri na kuiweka, maana huenda akaihitaji.

Lakini kwanza aandike. Ajaze tangi mpaka juu, aende safari ya kawaida yenye mzigo wa kawaida, ajaze tena, aandike kilomita na lita. Afanye hivyo mara tatu au nne, ili apate wastani. Kisha akadirie lita zitakazookolewa kwa safari moja, azidishe kwa bei ya lita, na kugawanya gharama ya kubadili kwa jibu hilo. Atapata hesabu ya safari zitakazorudisha fedha yake. Tukumbuke kwamba ile moja katika kumi ni ziada ya huko juu tu, si ya njia nzima.

Daftari la namna hiyo sasa limo katika pikapu ya mjomba wangu. Fedha ya kununulia injekta ndiyo hiyo hiyo itakiwayo kumwingiza dada yangu mdogo kidato cha kwanza, kwa hiyo nyumbani hapana atakayeamua kabla ya kurasa zake kutimia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi ndugu zetu mliotangulia kutoka shuleni, ambao mmekwisha kuifanya kazi hii katika magari yenu, tafadhali mwandikieni mhariri. Tuambieni lita na kilomita, kabla na baada, tupate kusahihisha hesabu yetu.