Bafu salama na la kupendeza kwa mzazi mzee

Swali: Bafu la mzazi mzee litengenezwe vipi ili liwe salama bila kupoteza uzuri?

Jibu: Kazi huanzia sakafuni. Kizingiti huondolewa, na sakafu hupewa mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita ili maji yasituame. Vigae vidogo visivyong'aa hufaa zaidi, kwa kuwa viungio vyake vingi huzuia mguu kuteleza.

Vyuma vya kujishikia hufungwa kwenye ukuta imara, sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni. Chuma cha kutundikia taulo hakibebi uzito wa mtu anayeanguka, hivyo kisitegemewe. Kiti cha kuogea huwa na kimo cha sentimita 43 hadi 48, na shawa ya mpira hufikika mtu akiwa ameketi. Mlango ufunguke kwa nje, ili aliyeanguka aweze kufikiwa.

Uzuri hutokana na rangi: chuma cheusi juu ya ukuta mweupe hupendeza, tena huonekana upesi kwa macho yaliyofifia. Mwanga mwororo usioumiza macho hukamilisha usalama na heshima ya mzazi.