Chumvi ya Mama na Akili ya Mtoto

Mama mwenye mimba anawaza nguo za mtoto, anawaza sabuni. Leo tuwaze ubongo wake, maana unajengwa sasa, kabla hujamwona.

Ubongo unajengwa namna gani?

Ubongo una seli za neva, nyingi kuliko watu wote wa dunia. Seli moja haifanyi kazi peke yake, inapeleka habari kwa jirani. Mahali zinapopokezana habari panaitwa sinapsi. Pale, seli inayopokea mara nyingi inatoa kichipukizi kidogo, kama jicho la kiazi linapoanza kuota.

Ni nini kinachosimamisha kichipukizi hicho? Angalia nyumba ya udongo: bila fito ndani, ukuta unaanguka. Kichipukizi nacho kina fito zake, nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini. Lakini fito hizi zinafungwa na kufunguliwa kila wakati. Mtoto anapojifunza sauti ya mama yake, nyuzi zinaongezeka, kichipukizi kinapanuka, na sinapsi inapata nguvu.

Iyodi inaingia wapi?

Shingoni tuna tezi. Inachukua iyodi ya chakula na kutengeneza homoni. Wataalamu walichunguza panya wachanga waliokosa homoni hiyo: nyuzi za aktini zilipungua, na vichipukizi vilikuwa vichache. Fundi alikosa kamba ya kufungia fito.

Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mtoto anategemea homoni ya mama. Ikikosekana sana, anaweza kuzaliwa kiziwi, bubu, mzito wa akili. Hakulogwa, mama, wala si kosa lako. Lakini baadaye hakuna dawa ya kurudisha yote yaliyopotea. Kwa hiyo tunazuia mapema.

Nchini kwetu imeonekana

Penye milima, mvua ya miaka mingi imeosha iyodi kutoka udongoni. Katika miaka ya 1960 madaktari walichunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Kaskazini, watu wengi sana walikuwa na uvimbe wa shingo. Kusini-magharibi walikuwa wachache, ingawa iyodi ilipungua pande zote mbili. Baadaye iligunduliwa kwamba sumu ya mihogo isiyotengenezwa vizuri inazuia tezi kupata iyodi.

Mambo ya kufanya

1. Nunua chumvi iliyotiwa iyodi, iliyofungwa katika mfuko wenye maandishi. Anza kabla ya kupata mimba.
2. Itie katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, jua na maji.
3. Tia chumvi sombe ikikaribia kuiva, maana moto unapoteza iyodi.
4. Loweka mihogo michungu siku tatu au nne, kisha ianike ikauke kabisa.
5. Usizidishe chumvi. Mwenye mimba anahitaji mikrogramu 250 za iyodi kwa siku. Iyodi ya maisha yote haijazi kijiko cha chai.
6. Usinywe kamwe iyodi ya kupaka vidonda. Ni sumu.
7. Ukiona uvimbe shingoni, uonyeshe kwa nesi kliniki.

Maswali

Fito za kichipukizi cha neva zinaitwaje? Kwa nini tusingoje mpaka mtoto azaliwe? Chumvi yako nyumbani inakaa wapi? Ukirudi leo, anza na kifuniko.