Viti vya Boti Vimechakaa? Vidokezo 12 vya Kuvivisha Upya Mwenyewe

Kiti cha boti hakiuawi na makalio ya abiria. Kinauawa na maji yaliyoingia ndani yakakosa pa kutokea. Panda boti yoyote iliyokula misimu kadhaa, ya Lamu kwenda Shela au ya watalii wa pomboo pale Kizimkazi, uketi kwa kishindo: juu kiti kinang'aa, lakini suruali inaloa. Ndani, sponji imelewa maji ya chumvi, ubao unameguka na pini zimekuwa kutu tupu.

Fundi makochi hodari wa Keko, Dar es Salaam, atakushonea kiti cha kupendeza, ila akitumia vifaa vya sebuleni utamrudia mapema. Kazi hii unaiweza mwenyewe ukiwa na cherehani, subira na kanuni moja: maji yataingia tu, kwa hiyo yatengenezee njia ya kutoka. Mengi ya yafuatayo yanatokana na hiyo.

1. Subiri chombo kipandishwe pwani

Kusi linapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni hadi Agosti, vyombo vingi vidogo hupandishwa kwa matengenezo na rangi. Huo ndio wakati wako. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu na ubao haukauki hata ukiusimamia. Kaskazi lina jua zuri la kukausha, lakini wageni nao humiminika na boti inatakiwa kazini. Ukilazimika kufanya kazi wakati huo, toa kiti kimoja kimoja, boti iendelee kutafuta riziki.

2. Vua taratibu, usirarue

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila kiti kwa simu, juu na chini. Ng'oa pini kwa bisibisi bapa na plaizi. Mishono ifumue kwa wembe, usiivute kwa hasira. Kila kipande kiandike kwa kalamu ya wino mzito: kushoto, mbele, juu. Vipande hivyo ndivyo vielelezo vyako vya kukatia, ila usiviamini moja kwa moja. Kitambaa kilichokaliwa miaka kimevutika, kwa hiyo vipimo vya mwisho vichukue kwenye ubao.

3. Ubao kwanza, urembo baadaye

Choma ubao kwa ncha ya bisibisi, hasa pembeni na kwenye matundu ya skrubu. Ikizama kirahisi, ubao huo umekwisha. Nunua plaiwudi ya baharini ya milimita 12. Gundi yake inastahimili maji, na matabaka yake ya ndani hayana mapengo ya kuhifadhi maji. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba dhidi ya mchwa ziache dukani, kwani dawa hiyo hula pini.

Ubao ulio mzima usuuze kwa maji baridi kisha uanike. Usiruke hatua hii: chumvi hunyonya unyevu hewani, na ubao wenye chumvi utarudi kuwa chepechepe hata kama hakuna tone lililouangukia. Ukikauka, toboa matundu ya milimita 12 hivi, kila baada ya sentimita 15. Malizia kwa kupaka vanishi mara mbili au tatu, ukikazia kingo na ndani ya matundu, maana plaiwudi hunywea maji pembeni.

4. Chagua sponji kwa tabia yake ndani ya maji

Kuna aina tatu. Ya kwanza ni sponji ya kawaida ya makochi na magodoro: laini, rahisi kupatikana, lakini hunyonya maji na kuyang'ang'ania. Inafaa kwa viti vya ndani ya kabini ambako rasharasha hazifiki sana, na hata hapo chukua iliyo nzito.

Ya pili ni ile iliyofungamana, ya jamii ya mikeka ya mazoezi na baadhi ya maboya ya kuvaa. Haipitishi maji kabisa, lakini ni ngumu. Watu wengi huiweka chini sentimita 5 na juu yake wakaongeza sponji laini ya sentimita 5.

Ya tatu ina vijitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho: mwagia maji juu, yanachuruzika chini papo hapo. Hii ndiyo bora kwa viti vya wazi, ila bei yake ni kubwa na mara nyingi huagizwa.

Sponji ya zamani iliyoingia petroli usiiokoe, itupe. Na sponji hizi zikishika moto hutoa moshi wenye sumu kali, kwa hiyo zisigusane na mabomba ya moto ya injini.

5. Usiivishe sponji nailoni pande zote

Kila mtu wazo hili humjia: si niifunge tu sponji kwa nailoni nzito, mambo yaishe? Hayaishi. Maji hupenya kwenye matundu ya sindano na kwenye zipu, na mvuke hugeuka maji ndani. Yakishaingia, nailoni yako inakuwa gereza lake. Ukitaka kinga, tandika nailoni juu tu, chini pabaki wazi.

6. Kitambaa kitazame mgongoni

Ngozi bandia zote hupendeza zikiwa zimening'inizwa dukani. Igeuze. Ya sebuleni mara nyingi ina mgongo wa pamba, na pamba huoza. Unayoitaka wewe ina mgongo wa polista unaovutika kidogo, na imetengenezwa kustahimili jua na ukungu. Muulize muuzaji ile ya viti vya boti. Akisita, sema ya nje, si ya makochi.

Rangi nayo ina neno lake. Nyeusi ni nzuri kwenye picha, lakini saa saba mchana itamfundisha abiria mwenye kaptula adabu. Nyeupe haichomi, ila kila unyayo unaonekana. Kijivu chepesi au rangi ya mchanga hupatanisha pande zote mbili.

7. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Chukua kiti cha sentimita 120 kwa 45, chenye sponji ya sentimita 10. Kipande cha juu ongeza sentimita 1.5 za mshono kila upande: unapata 123 kwa 48. Ukanda wa kuzunguka pembeni unahitaji 10 za sponji, 1.2 za ubao, 5 za kukunjia chini na 1.5 za mshono: jumla 17.7, weka 18. Urefu wake ni mzunguko wa kiti, yaani 330.

Ngozi bandia nyingi zina upana wa inchi 54, kama sentimita 137. Kipande cha juu kitakula sentimita 48 za urefu wa kitambaa, na kanda tatu za 18 zitakula 54. Jumla ni 102. Nunua mita 1.25 ili uwe na chakavu cha kujaribia. Vipande vyote vielekee upande mmoja, maana kitambaa huvutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na viungo vya ukanda vipeleke nyuma ya kiti.

8. Uzi wa bei chee utakuaibisha

Uzi wa pamba huoza. Wa nailoni una nguvu sana, lakini jua huumaliza. Tafuta uzi wa polista wa kazi za nje. Ukiona kwenye lebo V69 au Tex 70, huo unafaa, na sindano yake ni namba 18. Ukishuku kuwa umeuziwa pamba, choma ncha kwa kiberiti. Pamba huacha majivu, polista huyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Nailoni pia huyeyuka, kwa hiyo hapo utategemea lebo.

9. Isaidie cherehani ya nyumbani

Cherehani ya kawaida hupita kwenye tabaka mbili za ngozi bandia bila matata. Zikifika nne pembeni, acha kukanyaga na uzungushe gurudumu kwa mkono. Mguu wa cherehani ukinata, weka karatasi nyembamba kati yake na kitambaa, shona juu yake, kisha ichane.

Pini za nguo ziweke kando, kwa sababu tundu kwenye ngozi bandia halizibi tena. Shikiza kwa vibanio vya nguo. Kwa sababu hiyohiyo usishone kwa hatua fupi: milimita 3 hadi 4 zinatosha. Ukibananisha matundu, utakuwa umechora mstari wa kuchania. Na kama kuna zipu, iwe ya plastiki, ikae nyuma au chini.

Ukiona mishono inakushinda, hakuna aibu. Kata vipande mwenyewe, mpelekee fundi ashone kwa uzi uliomletea, uje umalizie ubao na pini nyumbani. Sehemu inayoamua umri wa kiti bado iko mikononi mwako.

10. Visha juani, piga pini kwa kupishana

Sponji ikatwe kubwa kuliko ubao kwa sentimita moja hivi kila upande, ili ijaze pembe vizuri. Kisu kirefu cha mkate chenye meno huikata vizuri kuliko mkasi. Ishikize kwenye ubao kwa nukta chache za gundi. Ukiipaka kote utaziba njia ya maji. Gundi hiyo itumie nje penye upepo, mbali na jiko na sigara.

Anika kitambaa juani kwa robo saa ili kilainike. Kama kinakataa kuteleza juu ya sponji, tandika kwanza ile karatasi ya nailoni iliyokuja na godoro jipya, kisha ivute itoke. Sasa pini: anza katikati ya upande mmoja, nenda katikati ya upande wa pili, kisha kushoto na kulia, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Pembe ziwe za mwisho. Ukianza na pembe, makunyanzi yatakimbilia katikati na hayatoki tena.

Pini ziwe za stenlesi, miguu ya milimita 8 hadi 10, isitokeze upande wa pili wa plaiwudi. Unashuku ubora wake? Ziloweke kwenye kikombe cha maji ya bahari wiki nzima. Zikibadilika rangi kuwa kahawia, za viti vyako zingefuata.

11. Chini paache papumue, kisha jaribu kwa ndoo

Ngozi bandia haipitishi hewa, kwa hiyo kiti kinapumulia chini. Ziba chini kwa kitambaa cha wavu tu, na ukiweza inua kiti kwa vipande vidogo vya plastiki ili hewa ipite. Kama ndani ya benchi ndimo yanamokaa maboya, hakikisha kiti kipya hakizuii kifuniko. Mtu mwenye hofu lazima aweze kukifungua kwa mkono mmoja.

Maliza kiti kimoja kabla ya kukata kingine. Kimwagie ndoo ya maji baridi, kiache kivulini penye upepo hadi kesho yake, kisha kiweke juu ya gazeti kavu na ukikalie. Gazeti likiloa, ongeza matundu au badilisha sponji. Kosa la kiti kimoja ni rahisi kurekebisha kuliko la viti vinane.

12. Tunza kwa maji baridi na jicho kali

Baada ya safari suuza kwa maji baridi. Madoa yaoshe kwa sabuni ya kawaida na brashi laini. Jiki inang'arisha leo na kudhoofisha nyuzi kesho. Tina na petroli hukausha ngozi bandia hadi ipasuke. Boti ikilala siku kadhaa, simamisha viti ubavu ili upepo uzunguke, au uvipeleke nyumbani kabisa.

Mshono ukiachia hatua mbili tatu, ushone siku hiyohiyo kwa sindano iliyopinda. Ukingoja wiki utafumua upande mzima. Kwa ajili hiyo usitupe masalio. Viringisha kipande cha kitambaa, uzi uliobaki na pini chache, vitie kwenye kopo lenye kifuniko uviweke ndani ya boti. Ukirudi dukani mwakani, rangi ile huenda wameshaacha kuiuza.