SOMO LA ROBO HII: NIACHE KAZI AU NISUBIRI?



Katika ziara zetu za Tanga, Muheza na Korogwe, swali moja hurudi: mwajiri ameyumba, mshahara unachelewa, niache kazi nikaanze jambo jingine? Kamati isikimbilie kujibu. Imsaidie muulizaji kuhesabu gharama, kama mjenzi wa mnara katika Luka 14:28.

1. Shida ni ya muda au ya kudumu?

Mkonge utufundishe. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 20,000. Kamba za plastiki zilichukua soko, na usimamizi wa mashamba ulidhoofika. Ukame hupita, lakini soko likiondoka halirudi kwa sababu mfanyakazi amevumilia. Aliyebaki korona akingoja siku za 1964 alizeeka akingoja.

Hata hivyo, kuacha ajira si lazima kuacha ujuzi. Kuanzia mwaka 1999 wakulima wadogo walianza kupewa maeneo katika mashamba ya mkonge Korogwe, wakiwemo waliokuwa wafanyakazi. Kazi waliyoijua ikawa mtaji.

2. Anaondoka na nini?

Hapa wengi huumia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri akipunguza wafanyakazi, aliyefanya kazi mfululizo mwaka mmoja au zaidi hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Anayeacha mwenyewe kwa kawaida hakipati. Kwa hiyo asiondoke kwa hasira. Aulize kwanza NSSF kama makato yake yamefikishwa, aandike madai yake ya mishahara, atoe taarifa ya siku 28 ikiwa hulipwa kwa mwezi, na adai cheti cha utumishi.

3. Anakwenda wapi?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkonge huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Katika muda huo nani atalisha nyumba na kulipa ada? Ni heri kuanza kidogo angali na kazi, na mume na mke wahesabu pamoja.

4. Nasi tulioajiri

Tuseme ukweli: kanisa nalo ni mwajiri. Mradi unapokaribia mwisho, sisi waratibu hujua mapema kuliko mlinzi na mpishi. Mara nyingine tumenyamaza tukitumaini mfadhili ataongeza muda, na mtumishi akakosa miezi ya kujiandaa. Hilo halikuwa tumaini, lilikuwa woga. Tunawaomba wafadhili watupe taarifa mapema, na kamati zitudai tuifikishe kwa watumishi siku zilezile. Yakobo 5:4 inatuhusu sisi pia.

Maswali ya kujadili

1. Je, watumishi wa usharika wetu wanajua hali halisi ya fedha?
2. Je, michango yao ya NSSF imelipwa hadi mwezi uliopita?
3. Ni nani kati yetu anaweza kukaa na mwenye shida, kalamu mkononi, wakahesabu pamoja?

Tuombe: Bwana, utupe hekima ya kuhesabu, na ujasiri wa kusema kweli. Amina.