Kasha Jekundu kwa Mama Aliyejifungua

Hapa kijijini kwetu Vitshumbi, mvuvi akizama ziwani, watu huchangia msiba. Mtoto akihitaji damu, jirani hukopa ili aongezewe. Lakini mama akichanganyikiwa siku ya tano baada ya kujifungua, hakuna anayechanga. Watasema amerogwa, au amelaaniwa na wakwe. Kijitabu hiki kinaomba jambo moja: ugonjwa huu uwekwe kati ya yale ambayo MUSO zetu, yaani vikundi vyetu vya akiba na kusaidiana, hulipia.

Unaitwa saikosi ya baada ya kujifungua. Huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaozaa, na mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza. Usiuchanganye na machozi ya siku chache ambayo huisha yenyewe. Mama mwenye saikosi halali usiku kucha, kesho tena halali, wala haoni uchovu. Anasema bila kupumzika. Anasikia sauti. Anaona mama mkwe ametia sumu katika sombe, au anaamini mtoto wake amebadilishwa. Kisha kwa saa nzima anaongea vizuri, na jamaa wanasema amepona. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Daktari Mfaransa Louis-Victor Marcé aliandika kitabu kizima juu ya akina mama kama hawa mwaka 1858. Ni ugonjwa unaojulikana tangu zamani, si laana; basi ukoo wa mtu usilaumiwe. Mwenye ugonjwa wa baipola, au ambaye ndugu yake aliwahi kuugua hivi, yuko karibu zaidi na hatari. Lakini wengine hawajawahi kuugua akili hata siku moja.

Mama akionyesha dalili hizi, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Muuguzi apime malaria, homa na shinikizo la damu, maana malaria kali, maambukizi ya kizazi na kifafa cha mimba navyo huvuruga akili. Mama asiachwe peke yake na mtoto. Asifungwe kamba, asipigwe, asinyimwe chakula kwenye chumba cha maombi. Mchungaji anaweza kumwombea akiwa hospitalini. Dawa zipo, na walio wengi hupona kabisa.

Kinachokwamisha ni pesa. Tuko ndani ya Hifadhi ya Virunga, hatuna shamba la kuuza mavuno. Nyumba hula samaki wa siku. Kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu, cha Mabruda wa Upendo, kiko Goma, mbali kupita Rutshuru. Kunatakiwa nauli ya mama na ya msindikizaji, chakula, na dawa za miezi kadhaa. Mume peke yake hawezi, hata akivua kila usiku.

MUSO ina kasha la kijani kwa mikopo na kasha jekundu kwa misaada. Jekundu ndilo letu. Andikeni ugonjwa huu katika sheria za kikundi, ongezeni mchango mdogo, na pesa itoke bila jina la mgonjwa kutangazwa mkutanoni. Mama aliyewahi kuugua hivi akipata mimba nyingine, amweleze muuguzi mapema, kwa kuwa ugonjwa huweza kurudi. Kasha limngojee tayari.

Siku ya dunia ya afya ya akili ya mama ni Jumatano ya kwanza ya Mei. Msiingojee. Mkikutana tena, kabla ya kufunga makasha, pigeni kura juu ya jambo hili.