Kwa nini wastaafu wa Magharibi huiachia sayansi mali zao?

Katika kufundisha mirathi, nimeona kuwa vijana hawasumbuliwi sana na hesabu za mafungu. Kinachowasumbua ni wasia. Mwaka huu mmoja wao aliuliza kwa nini wazee wa Kimarekani, mume na mke, huandika kwamba wakifa nyumba na akiba yao iende kwa jumuiya ya kutetea sayansi. Wenzake wakamjibu kwamba watu wale hawana dini. Jibu hilo ni jepesi mno, na lina kasoro, kwani wapo wengi wenye dini zao wanaofanya hivyo hivyo.

Kwanza tuzijue jumuiya zenyewe. Uingereza wanayo Sense about Science, iliyoanza mwaka 2002. Marekani ipo Union of Concerned Scientists, iliyoanzishwa mwaka 1969 na walimu na wanafunzi wa chuo cha MIT waliochukizwa kuona elimu yao ikitumikia silaha. Hawa hawatibu mgonjwa. Kazi yao ni kuchambua tafiti, kuandika ripoti, kuwashawishi wabunge, na kusema pale wakubwa wanapopindisha ukweli. Mwaka 2004 wanasayansi zaidi ya 60, wakiwemo washindi wa tuzo ya Nobel, walitia saini tamko lao la kuituhumu serikali ya Rais George W. Bush kwamba inaichezea sayansi. Sasa jiulize, nani atailipia kazi kama hiyo? Serikali inayokosolewa haitegemewi, na kampuni inayokosolewa ndiyo kabisa. Anabaki raia na mfuko wake.

Raia huyo mara nyingi ni mzee, na umri wake una maana. Mwenye miaka 80 leo alikuwa mtoto wakati wazazi wa Marekani walipokuwa wakiogopa kupeleka watoto kuogelea kwa hofu ya polio. Mwaka 1955 ikatangazwa kuwa chanjo ya Jonas Salk inafanya kazi. Mwaka 1957 Warusi wakarusha Sputnik, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kumwaga fedha katika masomo ya sayansi, ambayo iliwasomesha wengi wa rika lake. Akaona ndui ikifutwa duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa hapa jirani, Merka, Somalia, mwaka 1977.

Lakini mzee huyo huyo aliona pia kampuni za sigara zikibishana na madaktari kwa miongo kadhaa, hadi mahakama ya Washington ilipohukumu mwaka 2006 kwamba ziliudanganya umma. Akaona surua, ambayo nchi yake ilitangaza mwaka 2000 kuwa imeitokomeza, ikirudi mwaka 2019 kwa wagonjwa zaidi ya 1,200, wengi wao wasiochanjwa. Kwa hiyo anapoandika wasia ule, analinda kitu kilichomlea.

Sababu nyingine ni ya mfukoni. Mali ya mstaafu imefungwa katika nyumba na akiba ya uzeeni. Hawezi kuitoa leo, kwa kuwa hajui ataishi miaka mingapi, na matunzo ya uzee huko ni ghali. Wasia unamruhusu kutoa bila kupungukiwa na kitu, na akibadili mawazo anaufuta. Kwa kawaida mume humwachia mke na mke humwachia mume, na jumuiya hupata baada ya wa pili kufariki.

Halafu ipo kodi. Uingereza mirathi inayozidi pauni 325,000 hutozwa asilimia 40, lakini kinachokwenda kwa taasisi ya hisani hakitozwi. Tangu mwaka 2012, anayetoa sehemu ya kumi ya mali inayotozwa hushushiwa kiwango hadi asilimia 36. Marekani, mtoto akirithi akiba ya uzeeni huilipia kodi ya mapato, ilhali jumuiya hailipi. Ndiyo maana washauri huwaambia wazee: watoto wapeni nyumba, jumuiya ipeni akiba.

Kasoro ninayoiona ni kukosekana kwa mpaka. Mama mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 2004 aliacha takriban pauni 486,000, karibu zote kwa taasisi za wanyama, na binti yake wa pekee hakupewa kitu. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2017 binti akaambulia pauni 50,000. Kwetu jambo hili halifiki huko. Mtume (s.a.w.) alimzuia Saad bin Abi Waqqas asiusie zaidi ya theluthi, na hata hiyo theluthi akaiona ni nyingi.

Ila theluthi tunayo. Katika nyasia chache nilizoombwa kusaidia kuziandika nimekuta msikiti, kisima na uzio wa makaburi, na Allah awalipe kheri waliousia. Maabara ya shule sijaikuta hata mara moja, na zipo sekondari zetu za Kiislamu ambako mwanafunzi anaijua kemia kwa michoro ya ubaoni tu, hadi siku anapoingia katika mtihani wa vitendo.