Uaminifu na Uhamaji katika Matumizi ya Programu ya Barua Pepe: Mfano wa Eudora na Hatima ya Ritifaa ya Ng'

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uaminifu wa watumiaji kwa programu kongwe ya barua pepe, Eudora, na namna walivyohama kutoka katika programu hiyo. Tunatumia dhana za isimujamii za uaminifu kwa lugha na uhamaji lugha kama kiunzi cha uchambuzi. Tunadai kwamba hatari kubwa kwa mtafiti wa lugha haimo katika kung'ang'ania programu ya zamani wala katika kuiacha, bali katika kuchelewa kuhama mpaka kikaisha kipindi ambacho ya zamani na mpya zingeweza kutumika bega kwa bega. Dai hili linatolewa ushahidi na kisa cha data ya Kimtang'ata iliyoharibika wakati wa kuhamishwa.

1.0 Utangulizi

Dhana ya uaminifu kwa lugha ina historia ndefu katika isimujamii. Uriel Weinreich aliijadili katika kitabu chake *Languages in Contact* cha mwaka 1953, naye Joshua Fishman akaifanya kuwa jina la uchunguzi wake mkubwa, *Language Loyalty in the United States*, uliochapishwa mwaka 1966. Kwa ufupi, dhana hii inahusu juhudi za wasemaji kuishikilia lugha yao pale ambapo mazingira yanawasukuma waiache. Kinyume chake ni uhamaji lugha, yaani hali ya jamii kuiacha lugha moja hatua kwa hatua na kuchukua nyingine.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo haya yanahusianaje na programu ya kompyuta? Jibu letu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 sasa, sehemu kubwa ya mawasiliano ya kitaaluma imefanyika kwa barua pepe. Madodoso ya msamiati, majibu ya wasaidizi wa utafiti na mijadala kati ya msimamizi na mwanafunzi wake yamo humo. Barua hizo ni matini, na matini huishi ndani ya chombo. Chombo kinapozeeka, mwenye matini hana budi kuamua kama atabaki au atahama. Uamuzi huo kwa kawaida huachiwa mafundi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba unamhusu mwanaisimu moja kwa moja.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mipaka yake. Lugha haina mmiliki anayeweza kutangaza kwamba kuanzia siku fulani haitatolewa tena. Programu inaye. Kwa sababu hiyo tunazitumia dhana za isimujamii kama taa ya kumulikia, bila kudai kwamba vitu hivi viwili ni kimoja.

2.0 Eudora: Chimbuko na Ukomo

Eudora iliandikwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, nchini Marekani, kwanza kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Jina lake lilitokana na mwandishi Eudora Welty (1909–2001), ambaye hadithi yake fupi ya mwaka 1941, *Why I Live at the P.O.*, inamhusu mwanamke anayegombana na jamaa zake, akafungasha vitu vyake na kuhamia posta anakofanya kazi. Inafaa kuzingatiwa kwamba programu hii, ambayo mwisho wake ulizua mjadala mrefu wa kuhama, ilipewa jina kutokana na kisa cha kuhama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Qualcomm iliichukua programu hii na kuiendeleza, na katika muongo huo ikawa miongoni mwa programu za barua pepe zilizotumika sana vyuoni. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilitangaza kusitisha matoleo ya kibiashara. Matoleo ya mwisho yalikuwa 7.1 kwa Windows na 6.2.4 kwa Macintosh. Toleo jingine lililojengwa juu ya msingi wa Thunderbird lilitolewa mwaka 2010, lakini watumiaji wengi wa zamani hawakulitambua kuwa ni Eudora yao, kwa kuwa lilibeba jina bila tabia. Mwaka 2011 mfumo mpya wa Macintosh, yaani Mac OS X 10.7, uliacha kuendesha programu zilizoandikwa kwa vichakato vya PowerPC, na Eudora ilikuwa mojawapo. Hatimaye, tarehe 22 Mei 2018, Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta huko California liliutoa hadharani msimbo wake.

Tarehe hizi zinadhihirisha jambo moja. Kati ya tangazo la mwaka 2006 na kufungwa kwa mlango wa Macintosh mwaka 2011 ilipita miaka mitano. Katika miaka hiyo programu ilikuwa haiendelezwi, lakini ilikuwa ingali inafanya kazi. Tutairejea nukta hii katika sehemu ya 5.0.

3.0 Misingi ya Uaminifu

Ni rahisi kuwaita walioshikilia programu hii wahafidhina. Uchunguzi wa karibu unaonyesha kwamba walikuwa na sababu zinazoeleweka, na hapa tutataja tatu.

Sababu ya kwanza ni umiliki. Eudora ilihifadhi barua katika kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Kila sanduku la barua lilikuwa faili moja la matini sahili, na kando yake faili dogo la faharasa. Mtu angeweza kulifungua sanduku hilo kwa programu yoyote ya kuandikia na kuzisoma barua zake pasipo Eudora yenyewe. Wale tuliozoea sanduku la posta lenye namba na ufunguo tunaielewa tofauti iliyopo kati ya kuwa na ufunguo wako mfukoni na kumwomba mtu dirishani akupatie barua zako.

Sababu ya pili ni mazoea ya mkono. Katika Eudora ya Windows, mtumiaji alishika kitufe cha Alt, akabofya jina la mtu katika orodha, na barua zote za mtu huyo zikakusanyika pamoja. Mazoea ya namna hii, kama ilivyo lafudhi, hujengeka polepole na hayahamishiki kwa maelezo.

Sababu ya tatu ni haiba. Mwaka 2000 toleo la 5.0 lilikuja na kifaa cha kupima ukali wa maneno: barua yenye matusi iliwekewa alama ya pilipili, moja hadi tatu. Kwa mwanaisimu, kifaa hiki ni somo zuri la pragmatiki. Kilitegemea msamiati wa Kiingereza. Mtu aliyeandika kwa Kiswahili, "Hakika wewe ndiwe mwalimu wetu sote," akikusudia kejeli, hangepata pilipili hata moja. Ukali wa fumbo haumo katika neno, na programu ilitazama maneno tu.

Pamoja na hayo, Eudora ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Kwanza, ilivitenga viambatisho na barua zake. Kiambatisho kiliwekwa katika folda nyingine, na ndani ya barua ukabaki mstari mmoja tu unaotaja mahali kilipo. Folda ikihamishwa au ikibadilishwa jina, barua na kiambatisho chake vilitengana. Pili, haikuwa na uwezo kamili wa kutumia Yunikodi, mfumo wa usimbaji ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 kwa lengo la kuziingiza herufi za lugha zote katika jedwali moja. Mwandishi wa Kigĩkũyũ, mwenye kuhitaji ĩ na ũ, aliiona kasoro hiyo tangu siku ya kwanza. Mwandishi wa Kiswahili hakuiona, kwani othografia sanifu ya Kiswahili hutumia herufi za kawaida za Kilatini zilizomo katika jedwali la ASCII. Alama ya pekee inayoongezwa ndani ya neno ni ritifaa ya ng'. Ni hapo hasa tulipojikwaa.

4.0 Ritifaa Iliyopotea

Mwandishi wa makala haya aliitumia Eudora kwa zaidi ya muongo mmoja. Miongoni mwa barua zilizohifadhiwa humo yalikuwamo majibu ya madodoso ya msamiati wa Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, yaliyoandikwa na msaidizi wa utafiti kwa miaka kadhaa. Tangazo la mwaka 2006 tulilisikia, lakini hatukufanya lolote. Kompyuta ilipoharibika mwaka 2012, mafaili yaliokolewa na kukabidhiwa kwa fundi, ambaye aliyahamishia katika programu mpya kwa muda wa siku moja. Barua zote zilionekana kuwamo, nasi tukashukuru.

Miaka michache baadaye mwanafunzi mmoja wa uzamili aliomba kuitumia data hiyo. Alirudi na matokeo ya kuvutia. Katika barua za awali, maneno kama ng'oa, ng'ombe na ng'ambo yaliandikwa kwa ritifaa. Katika barua za baadaye yaliandikwa ngoa, ngombe na ngambo, na mabadiliko yalijitokeza waziwazi kadiri miaka ilivyosonga. Mwanafunzi alihitimisha kwamba nazali ya kaakaa laini ilikuwa ikibadilika na kuwa mwambatano ng, na kwamba msaidizi wetu aliuakisi mwelekeo huo katika maandishi yake. Sura nzima ya tasnifu ilijengwa juu ya hitimisho hilo, nasi tuliisoma rasimu yake ya kwanza na kuisifu.

Shaka iliingia kwa sababu ya neno moja. Msaidizi alikuwa ameandika kwamba wazee "wameng'oa" minazi ya mpakani. Katika nakala ya mwanafunzi ilisomeka "wamengoa". Ngoa ni neno jingine kabisa, lenye maana ya wivu au tamaa, na hutumika kama nomino. Halina njia ya kuchukua viambishi hivyo. Aidha, katika barua za kipindi hichohicho jina la lahaja yenyewe lilisomeka "Kimtangata", na msaidizi wetu ni mzawa wa huko. Si jambo la kawaida mtu kusahau namna jina la lahaja yake linavyoandikwa.

Tuliyatafuta mafaili asilia na kuyafungua kwa programu sahili ya kuandikia. Ritifaa zote zilikuwamo. Maelezo yake ni haya. Katika barua za awali msaidizi aliandika moja kwa moja ndani ya programu ya barua, na ritifaa yake ilikuwa ile iliyonyooka, yenye namba 39 katika jedwali la ASCII. Baadaye alianza kuandaa majibu yake katika programu ya kuandalia nyaraka, kisha akayanakili. Programu ya aina hiyo huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo katika jedwali la Windows ina namba 146. ASCII huishia namba 127. Wakati wa kuhamisha, fundi alitumia amri ya kusafisha iliyofuta kila herufi iliyozidi 127. Ritifaa zilizonyooka zilipita, na zilizopinda zikafutwa. Yaliyoonekana kuwa mabadiliko ya sauti ya lahaja yalikuwa mabadiliko ya tabia ya mtu mmoja mbele ya kompyuta.

Sura ile iliondolewa, na mwanafunzi akachelewa kuhitimu. Lawama ya msingi ni yetu. Fundi hakuwa na njia ya kujua kwamba alama ile katika Kiswahili hubainisha fonimu. Sisi tulijua, na hatukumwambia.

5.0 Kipindi cha Uwililugha

Katika uhamaji lugha, kwa kawaida kipo kizazi kinachozijua lugha zote mbili. Hicho ndicho kizazi chenye thamani kubwa kwa mwanaisimu, kwani ndicho kinachoweza kueleza neno la lugha inayotoweka kwa lugha inayobaki, na kusahihisha tafsiri iliyopotoka. Kikipita, kinachobaki ni makisio.

Katika kisa chetu, kipindi hicho kilianza na tangazo la mwaka 2006 na kuisha siku kompyuta ilipoharibika. Kwa muda wote huo tungeweza kuziendesha programu mbili pamoja na kulinganisha barua moja moja. Uaminifu wetu kwa Eudora ulikuwa na sababu zote zilizotajwa katika sehemu ya 3.0, lakini tuliugeuza kuwa kisingizio cha kutofanya kazi hiyo.

Kutokana na haya, tunapendekeza mambo manne kwa watafiti na wanafunzi wao:

(a) Mafaili asilia yahifadhiwe kama yalivyo, bila kusafishwa, hata baada ya uhamaji kukamilika. Katika kisa hiki ndiyo yaliyotuokoa.

(b) Kabla ya kuhama, iandaliwe orodha ya maneno ya kupimia yenye alama zote zinazobainisha maana katika lugha husika. Idadi ya matokeo ya kila neno ihesabiwe katika programu ya zamani na katika mpya. Kwa Kiswahili, orodha ianze na ng', na ritifaa itafutwe katika maumbo yake yote mawili, kwani programu ya utafutaji inaweza kuyahesabu kuwa herufi mbili tofauti.

(c) Viambatisho vishughulikiwe mapema, na folda yake isibadilishwe jina wala mahali kabla ya viungo vyake kuthibitishwa.

(d) Historia ya uhamaji wa data ielezwe katika sura ya mbinu za utafiti, kama inavyoelezwa historia ya ukusanyaji wake.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba uaminifu kwa programu kongwe si ujinga. Eudora iliwapa watumiaji wake umiliki wa barua zao, na umbo sahili la mafaili yake ndilo lililotuwezesha kuirejesha data baada ya miaka mingi. Tumeona vilevile kwamba uaminifu huo ukielekezwa kwa chombo badala ya matini huweza kuidhuru matini yenyewe. Anayestahili kuhama ni yule ambaye bado ana pa kurudi.

Limebaki swali ambalo makala haya hayakulijibu. Matini nyingi za Kiswahili za miaka ya 1990 na 2000 zimekwisha kuhamishwa mara mbili au tatu kabla ya kufika katika kopasi zinazotumika leo. Inafaa wanafunzi wa uzamili wachunguze ni tofauti zipi za tahajia katika kopasi hizo zilizotokana na waandishi, na zipi zilitokana na safari. Mpaka kazi hiyo ifanyike, kila dai linalosimama juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa ritifaa katika data ya kielektroniki halina budi kupokewa kwa tahadhari.